Maji ya Gisenyi Yana Sheria Yake

Kipimajoto cha baba tulikikuta ndani ya soksi. Ilikuwa soksi moja ya kahawia, imefungwa fundo na kusukumwa nyuma kabisa ya droo, na mdogo wangu Shema ndiye aliyeivuta akidhani ndani mna rozari. Alipofungua fundo kikatoka kile kijiti cha kioo chenye uzi mwekundu katikati, kizima kama siku kilipoingia nchini. Harufu ya chaki ikatoka nacho. Tulikuwa tumemzika baba siku nne nyuma, na uani watu wa matanga walikuwa wanacheka kitu fulani, maana siku ya nne watu huanza kucheka.

"Kumbe alikiweka," Shema akasema.

Alikishika kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Umejikunja kwenye kiwiko tangu akiwa na miaka mitatu, na asiyemjua hudhani amebana kitu kwapani. Mimi niliketi kitandani kwa baba bila kukaribishwa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Gisenyi mnaukumbuka mlima wa moto ulivyopasuka, na kila mmoja wenu ana hadithi yake ya siku ile. Yangu haikuanza na mlima. Ilianza na sufuria ya maji, darasani kwa baba, na hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena mahali pengine, hata nilipozaa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikulia Tanzania, akarudi Rwanda akiwa kijana na sanduku moja, Kiswahili cha vitabuni, na kipimajoto hicho alichopewa na mwalimu wake wa zamani. Hapa akamwoa mama, binti wa Goma, mji wa ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akivuka kila asubuhi kuuza maharagwe na viazi vya Kanzenze. Nyumbani kwetu palikuwa na Kiswahili cha aina mbili, cha baba kilichopigwa pasi na cha mama kilichopita njia za mkato, na baba alipenda kusema kwamba walioana bila mkalimani kwa bahati tu. Mama alikuwa anajibu kwamba mkalimani alikuwepo, ila alitoroka.

Mimi nilikuwa mtoto mwoga. Niliogopa majogoo, niliogopa mapadre, niliogopa mlio wa geti la mpakani, la Grande Barrière, likifungwa nyuma ya mama. Dawa yangu ilikuwa baba. Alikuwa na msemo wake aliourudia darasani na mezani: "Sheria za maumbile hazina mpaka. Jiwe halionyeshi kitambulisho. Hapa linaanguka, Goma linaanguka, Dodoma linaanguka." Mama akichelewa kurudi, nilijilaza na kuurudia msemo huo moyoni. Kama jiwe la Goma lilikuwa linaanguka sawasawa na la kwetu, basi mama alikuwa mahali pa kawaida, na mtu aliye mahali pa kawaida atarudi.

Siku ya sufuria alikuja darasani na mbabula, yaani jiko la mkaa, na sufuria, na ile soksi. Nilikaa benchi la tatu. Aliuliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi, nasi tukapaza sauti, "Mia!" Akatumbukiza kipimajoto, tukasogea kuzunguka moto. Uzi mwekundu ukapanda taratibu. Sabini. Themanini. Tisini. Maji yakaanza kunguruma, yakatoa mapovu makubwa, mvuke ukatupiga usoni, na uzi ukafika tisini na tano ukasimama.

Baba akangoja. Akapuliza mkaa mpaka majivu yakamrukia kwenye nyusi. Maji yalikuwa yanachemka kwa hasira, yanamwagika pembeni, na uzi uko palepale. Akakitoa kipimajoto, akakifuta kwa shati, akakirudisha. Tisini na tano. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, maji yamekataa," na kicheko kikaanza chini kwa chini kama kinavyoanzaga.

Hapo baba akafanya kile ambacho mwalimu yeyote angefanya ili asizame. Akacheka yeye kwanza. Akanyoosha mikono akasema, "Basi! Maji ya Gisenyi yana sheria yake!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mkono wake ukirudisha kipimajoto kwenye soksi, ukafunga fundo, ukalifungua, ukalifunga tena. Nilimjua baba. Alikuwa hajui kwa nini. Mtu aliyeniambia dunia nzima inafuata sheria moja alikuwa ameshika ushahidi mkononi kwamba haifuati, na alichoweza kufanya ni kucheka.

Kuuliza si ujinga, baba mwenyewe alikuwa akituimbia hivyo kila wiki. Sikuuliza. Ningeuliza halafu aseme ndiyo? Kama maji ya kwetu yalikuwa na sheria yake, basi moto wa mahali fulani una yake, na ardhi ina yake, na hakuna aliyeweka bango kuonyesha zinabadilikia wapi. Nilirudi nyumbani nikikanyaga kwa uangalifu.

Kesho yake baba alisimama mbele ya darasa akaeleza kila kitu, kwa maana jioni ile alikwenda kwa mwalimu mwenzake wa sekondari akauliza. Mimi sikuwepo. Mama alikuwa amenipeleka Goma pamoja na Shema, kwa dada yake mkubwa aliyekuwa anaumwa mgongo, ili nimwangalie mtoto wakati wao wanafanya kazi. Tulikaa siku tatu. Nimefikiria maisha yangu yote jinsi mgongo wa mtu mwingine unavyoweza kukukosesha somo moja.

Dada huyo wa mama tulimwita Tantine. Alikuwa mwanamke mrefu kupita wanaume wengi, aliyeolewa na Mwislamu na kubaki na mchanganyiko wa sala zote mbili. Nyumba yake ilikuwa juu ya yale mawe meusi ya mlima yanayoshuka kuelekea ziwani. Nyuma ya nyumba palikuwa na bonde dogo, shimo pana tu, lenye majani mabichi kuliko yote ya karibu. Hakuna aliyekuwa anakata majani hayo. Nililiona ajabu, nikataka kushuka.

"We mutoto! Toka hapo!" Tantine alinishika nguo kwa nyuma. "Kule iko mazuku."

Mazuku ni upepo mbaya, mnajua wenyewe. Mimi sikujua. Tantine hakuwa mtu wa kueleza, alikuwa mtu wa kuonyesha. Akaleta kopo la nyanya lenye waya mrefu na kipande cha mshumaa ndani, kopo lililokaa siku zote karibu na mlango. Akawasha, akasema Bismillahi, akafanya ishara ya msalaba pia ili asikose, akaanza kulishusha kopo shimoni polepole.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mshumaa uliwaka vizuri mpaka ukafika chini ya ukingo. Kisha mwali ukajivuta, ukaachana na utambi, ukafa. Haukupulizwa. Na moshi wake haukupanda. Ulitandazika bapa hewani, ukakaa hapo kama umewekewa meza isiyoonekana.

"Unaona? Moto haiwezi kule," Tantine akasema. "Na mutoto haiwezi. Mbuzi haiwezi. Mi niko murefu, haiko na kazi na miye. Inauaga wenye kuinama."

Siku ya pili nikamwona akithibitisha. Kimbuzi cha jirani kilikata kamba, kikaingia kule kula majani mabichi, na tulipofika kilikuwa kimelala ubavu, macho wazi, mdomoni bado kuna jani. Tantine akajifunga kitambaa puani, akaingia. Aliingia kwa miguu yake akiwa amesimama wima. Majani yalimfika magotini. Hakuinama hata kidogo. Alikiopoa kile kimbuzi kwa ufito wenye ndoano, kama mtu anayetoa ndoo kisimani, akatoka nacho kimekufa, yeye mzima wa afya, akalalamika mgongo.

Shema wakati huo alikuwa amenishika mguu. Kichwa chake kilinifika kiunoni. Nikamtazama yeye, nikatazama majani, nikatazama kimbuzi. Kwa mara ya kwanza nilielewa sheria mpya ilivyosema. Mahali pengine warefu wanaishi na wafupi wanakufa, wakiwa wamesimama hatua moja tu baina yao.

Tuliporudi Gisenyi nilianza kazi ya kulinda dunia. Kila asubuhi kabla ya chai nilidondosha kijiko sakafuni nione kama bado kinaanguka. Kilianguka. Lakini hata mbuzi aliamka salama siku ile. Niliwasha njiti za kiberiti nikaziinamisha chini ya vitanda. Nilikataa Shema alale kwenye mkeka. Na siku moja baba akiwa amelala kiti kirefu baada ya shule, nilichukua uzi nikampima toka kisigino mpaka utosi, nikafunga fundo mahali urefu wake ulipoishia. Nilitaka kujua mtu anatakiwa awe na urefu gani ili apone. Nilipoanza kumpima Shema, mama akaingia.

Kofi lake lilikuwa la haraka. "Unapimaka mutu na kamba? Iko maiti?"

Nililia, lakini ule uzi sikuutupa. Niliuficha chini ya godoro.

Mlima ulipasuka karibu mwaka mmoja baadaye, wakati wa likizo, mama akiwa sokoni Goma. Nguo zilizoanikwa zilipata madoadoa ya majivu, na hewa ikanuka kiberiti. Kisha barabara ya kutoka Grande Barrière ikajaa watu. Walibeba magodoro, cherehani, sufuria zenye chakula kilichokuwa bado cha moto, kuku, wazee. Baba alisimama ukingoni mwa barabara kuanzia asubuhi, Shema mabegani mwake, akitafuta uso wa mama kati ya nyuso zile, nami nilimshika baba mkanda nikiwa na furaha moja tu ndogo ya siri, kwamba Shema alikuwa juu. Kila mwanamke mwenye kitenge cha bluu alikuwa mama, kisha hakuwa mama.

Alikuja alasiri, bila beseni lake, na Tantine nyuma yake. Baba akamshika mama shingo mbele ya watu. Tantine alikuwa na godoro kichwani na mkononi lile kopo la nyanya na waya wake.

"Nyumba imepona, shemeji?" baba akamwuliza.

"Sijue. Nimeacha mulango wazi. Moto ikitaka kuingia, isivunje."

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na hayakuwa ya kucheka.

Kisha ardhi yenyewe ikaanza. Tulitandika turubai uani maana hakuna aliyethubutu kulala chini ya bati. Mtikisiko ulikuja, ukapita, ukarudi kabla hujamaliza kushukuru. Niliona maji ya ndoo yakiruka juu yenyewe. Niliona sufuria zikipaa kutoka kwenye rafu kabla ya kuanguka, nasema zilipaa, nilikuwa nimekaa mlangoni nikaziona. Kijiko changu cha asubuhi kilianguka kikacheza, kikasogea peke yake sakafuni kwenda ukutani. Kwa hiyo hata sheria ya kuanguka ilikuwa imeanza kulegea, niliwaza. Baba alisikiliza redio na kutuambia itatulia. Sikuwa namsikiliza tena kama zamani.

Asubuhi moja tuliamka na kukuta ufa nyuma ya jiko. Ungeweza kuingiza kiganja. Niliweka mkono juu yake, ukatoa joto la pumzi ya mtu. Tantine akaleta kopo lake. Bismillahi, msalaba, waya ukashuka. Mwali ukajivuta, ukafa.

"Ni upepo tu huo, shemeji," baba akasema.

Tantine akanyoosha kidole kwenye mgomba wa jirani. Majani yalikuwa yametulia kabisa. "Upepo iko wapi, mwalimu? Mazuku inafwataka mulima. Muchunge watoto."

Baba akautazama mgomba, akautazama ufa. Nilimwona. Ilikuwa sura ileile ya darasani, ila safari hii hakupata hata utani wa kujiokolea. Na mimi nikajua sheria ya lile shimo la Goma imevuka mpaka pamoja na watu na magodoro yao, na sasa iko nyuma ya jiko letu.

Siku hiyo baba aliitwa shuleni kusaidia kuwagawia wakimbizi madarasa. Mabomba yalikuwa hayatoi kitu, basi mama na Tantine wakachukua madumu kwenda kutafuta maji. Mama akanifunga Shema mgongoni kwa kitenge akaniambia neno moja.

"Chunga mutoto. Asikae chini."

Nilimbeba. Alikuwa mtoto mzito, mwenye mashavu, aliyependa kunivuta masikio akiniita gari. Jua lilipanda, mgongo ukauma, na kila nilipotazama ufa nilipata wazo kwamba hata mgongoni kwangu hakuwa juu vya kutosha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mfupi. Nikienda mimi, anakwenda na yeye. Ndipo nikakumbuka uzi.

Tulikuwa na tangi la maji ya mvua, wakati huo kavu, limejengwa kwa mawe yale meusi, limeegemea ukuta wa jiko, juu lina mfuniko wa saruji. Nilishusha uzi kutoka ukingoni hadi chini. Fundo la baba lilifika sawasawa. Nilifurahi jinsi mtoto anavyofurahi hesabu ikitoka. Nikapanda kwenye mawe yaliyojitokeza, Shema mgongoni, nikamkalisha katikati ya mfuniko, nikampa kipande cha muwa. "Usisogee," nikamwambia. "Hapo uko mrefu kama baba."

Nikashuka kupima kwa kopo la Tantine kama chini pamekuwa pabaya. Mshumaa uliwaka vizuri. Niliinua macho nimwambie Shema kwamba bado pako salama.

Mtikisiko ule haukuwa mkubwa. Wengine hawaukumbuki hata, nimeuliza. Shema alikuwa amesimama aone ninachofanya. Akakaa ghafla, akateleza kwa makalio mpaka ukingoni, miguu ikaning'inia. Akanitazama. Muwa ukadondoka kwanza, kisha yeye. Aliangukia mkono wa kushoto juu ya mawe, na sauti ya mkono ule ilikuwa ndogo, kama ya kijiti cha kuwashia moto kikivunjika.

Hospitali ilikuwa imejaa watu walioumia kuliko yeye. Jioni hiyo baba alimbeba mpaka Kanama, juu zaidi milimani, kwa mama mmoja aliyesifika kwa kuunga mifupa, nami nilifuata nyuma kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisifuate. Yule mama alifanya alivyojua. Shema alilia mpaka akakosa sauti, kisha akalala, na mkono ukafungwa kwa vijiti. Baba na mimi tulikaa nje kwenye kizingiti.

"Ulimpandisha juu kwa nini?" aliuliza. Hakuwa amenigusa wala kunigombeza tangu mchana, na hilo lilinitisha zaidi.

Nikamwambia yote. Mbuzi, moshi uliolala, vijiko, uzi. Nikamwambia, "Wewe ulisema hapa sheria ni nyingine. Ulisema maji yana yake."

Baba alichungulia ndani kumtazama Shema aliyelala. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hewa ni mzigo. Sisi tuko juu milimani, mzigo ni mwepesi, maji yanapata nafasi ya kuchemka mapema kuliko ya pwani, ndiyo maana yanapika maharagwe polepole. Mama, akasema, anajua kwamba maharagwe ya huku Kanama yanakawia kuiva kuliko ya kando ya ziwa, hakuhitaji kipimajoto. Na mazuku, aliyoiulizia shuleni mchana ule, nayo ni hewa, nzito tu, inakaa chini kama tope kwenye ndoo, na ingezima mshumaa Dodoma vilevile. "Sheria ni ileile, mwanangu. Mahali pote. Nilieleza kesho yake asubuhi. Niliangalia benchi lako, nikasema nitamweleza nyumbani." Akasugua uso. "Nikasahau. Lilikuwa kosa langu."

"Na kuanguka?" nikauliza.

"Kuanguka ndiko kabisa," akasema. "Hakuna mahali inapobadilika."

Akashika kichwa changu akakiweka kwenye paja lake. Alidhani amenituliza. Kuanzia siku hiyo hakufanya tena utani darasani, wanafunzi wake wa baadaye wanamkumbuka kama mwalimu mkavu, na kipimajoto sikukiona tena. Mwezi mzima aliamka kabla yangu, akadondosha kijiko yeye mwenyewe, nikisikie nikiwa kitandani. Mzee wa watu. Alibeba kosa lile mpaka kaburini akiamini ni lake lote.

Kwa sababu kuna jambo moja ambalo sikumwambia kwenye kizingiti kile, wala mahali pengine, wala mtu mwingine. Nililisema mara ya kwanza siku ile ya nne ya matanga, chumbani, Shema akiwa amesimama mbele yangu na kipimajoto.

"Nilikuwa chini yako," nikamwambia. "Pale kwenye tangi."

"Najua. Mama alishanihadithia."

"Hujui. Nilikuwa chini yako kabisa. Mikono yangu ilikuwa mitupu, kopo nilikuwa nimeshaliweka. Uliteleza polepole, Shema. Nilipata muda."

Akaisukuma droo kwa goti, ikafunga.

"Sikuinua mikono. Niliona sufuria zimepaa siku zile, niliona maji yameruka. Nikafikiri labda huanguki. Nikangoja nione. Nilingoja nione sheria gani itashika. Na ulipoachia ukingo, nikamwomba Mungu iwe ile nyingine. Mwaka mzima nilikuwa naogopa isibadilike, na hapo nikamwomba ibadilike, mara moja tu, kwa ajili yako. Na mikono yangu iko chini."

Uani watu waliacha kucheka, mtu akaanza wimbo wa kanisani. Nilikuwa na hofu ileile ya benchi la tatu. Niliangalia uso wa ndugu yangu nikitafuta kama ataninyima upendo ambao nimekula kwake miaka yote hii bila haki. Yeye akageuza kipimajoto kwenye mwanga wa dirisha, akausoma ule uzi mwekundu kama baba alivyokuwa akiusoma, kwa kukunja jicho moja.

Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya sakafu ya saruji, mbele ya magoti yangu, akafungua vidole.

Sikufikiri. Nilijikuta nimepiga magoti sakafuni, viganja vyangu viwili vimefungana, na ndani yake kuna kioo baridi, kizima.

Shema alichuchumaa mbele yangu. Tangu baba afe tulikuwa tunaongea Kiswahili cha baba kwa heshima yake, lakini hapo alitumia cha mama.

"Umeona?" akasema. "Mikono iko."